Kipuri na Shahada ya Kuazima

Katika mji wa Nachingwea, chini ya mwembe ulio kando ya barabara iendayo Ruangwa, yuko fundi wa pikipiki ambaye ukuta wake wa mabati umepigwa misumari safu kwa safu, na katika kila msumari kimetungikwa kitu ambacho mtu mwingine angekwisha kukitupa jalalani: waya wa klachi uliokatika, breki shuu iliyobanduka kitambaa, sproketi iliyolika meno mpaka yakachongoka kama ya papa, beringi iliyomwaga gololi zake. Pamoja na kila kimoja kimefungwa kipande cha boksi lililokuja nacho kutoka dukani, na juu ya kipande hicho, kwa kalamu ya wino mzito, zimeandikwa tarehe mbili: siku kilipofungwa katika chombo na siku kilipokufa.

Nilimwuliza kama pale ni dukani au makaburini. Akacheka, akafuta mikono kwa kitambaa cheusi cha grisi, akaniambia, "Mzee wangu, hawa ndio mashahidi wangu. Mteja akinijia kwa hasira kwamba nimemfungia kibovu, sibishani naye. Namwambia asome ukuta." Kisha akaziteremsha nyaya mbili za klachi zilizotoka katika maboksi ya rangi moja na jina moja, akanikabidhi nizitazame. Wa kwanza ulifungwa mwezi wa sita ukakatika mwezi wa nane wa mwaka ule ule. Wa pili ulidumu mwaka mmoja na miezi miwili. Nilipozisogeza karibu na macho niliona kwamba zote mbili zimekatikia mahali pamoja, pale uzi wa chuma unapoingia katika kichwa chake kidogo cha madini, ila ule ulioishi miezi miwili ulikuwa na nyuzi chache na nene, zilizokatika zote kwa pamoja kama kijiti kikavu, ilhali mwenziwe alikuwa na nyuzi nyingi na nyembamba, zilizokatika moja baada ya moja, kwa muda mrefu, kama mtu anayeugua huku akiwaarifu jamaa zake. Dukani, kabla ya kufungwa, hapana jicho la mnunuzi ambalo lingeweza kuzitofautisha.

Nimeukumbuka ukuta ule mara nyingi tangu siku hiyo, kwa sababu unalo somo ambalo masoko yetu bado hayajalisoma: kwamba uimara wa kipuri hauonekani kwa jicho, wala hausikiki kwa mlio wake kikigongwa juu ya meza, wala hauthibitiki kwa kiapo cha muuzaji hata akiwa mcha Mungu, bali hujulikana kwa kukitumikisha kitu mpaka kife na kuhesabu kimefanya kazi mara ngapi kabla ya kufa. Hesabu hiyo inapokosekana, bei, jina, rangi ya boksi na maneno yote yanayosemwa juu yake ni dhana tupu, na mwenye kununua kwa dhana ameweka rehani mali yake, na pengine maisha yake.

Tufikiri jinsi kipuri cha kando, yaani kile kisichotoka kwa aliyekiunda chombo, kinavyopata heshima yake. Pikipiki, au mashine ya kuipulizia mikorosho salfa, itokapo kiwandani mwake huwa imekwisha kupitishwa katika majaribio na wale walioiunda, hata viungo vyake vyote vimeshuhudiana: waya umejaribiwa pamoja na mkono unaouvuta, breki pamoja na gurudumu inalolizuia. Siku unapotoa kiungo kimoja kilichochakaa na kutia badala yake kingine kilichofanyizwa na mtu mwingine, mahali pengine, kwa madini mengine, ushahidi ule wa kwanza haumhusu tena huyu mgeni. Lakini yeye huingia na kuketi katika kiti cha marehemu, akatukuzwa kwa sifa za marehemu, akaishi kwa shahada ya kuazima. Hatusemi kwamba kila mgeni ni mwovu. Tunasema kwamba hajaulizwa.

Elimu ya kuuliza maswali ya namna hii ilianza zamani, na miongoni mwa vyombo vilivyowalazimisha wanadamu kujifunza mapema ni bunduki, kwa kuwa bunduki mbovu humwua mwenye kuishika kabla ya kumfikia aliyekusudiwa. Mwaka 1637 wahunzi wa bunduki wa London walipewa hati ya kifalme iliyowatwika jukumu la kuijaribu mitutu kabla ya kuuzwa, na mwaka 1813 Bunge la Uingereza likaanzisha nyumba ya majaribio katika mji wa Birmingham, mji ambao silaha zake zilisafirishwa kwa wingi hata kuja Afrika. Kaida yao ilikuwa nyepesi kufahamika: mtutu hushindiliwa baruti kupita kiasi cha kawaida, hufyatuliwa mtu akiwa mbali, na ukisalimika hupigwa muhuri, usiposalimika, hasara ni ya mhunzi wala si ya mnunuzi. Wazee wetu wa bara hili, waliozijua gumegume kwa jiwe lake la kuwashia moto na baadaye magobore ya fataki, hawakupata kuiona nyumba ile, bali waliujua vizuri msiba ambao ilijengwa kuukinga.

Lakini kushindilia baruti mara moja hupima nguvu, hakupimi umri, na kwa ajili ya umri ilihitajika mizani nyingine. Mwezi wa Machi mwaka 1911 jeshi la Marekani lilizishindanisha bastola mbili, moja ya kiwanda cha Colt iliyobuniwa na John Browning na nyingine ya kiwanda cha Savage, kwa kufyatua kila moja risasi 6,000 katika muda wa siku mbili, na chuma kilipopata moto mno kilichovywa majini kikapoa na kazi ikaendelea. Ile ya Browning ilimaliza pasipo kukwama, na hasimu wake akakwama mara 37. Juu ya hesabu hiyo, wala si juu ya ufasaha wa wachuuzi, bastola ile ilikubaliwa mwezi ule ule na ikatumika jeshini kwa zaidi ya miaka sabini.

Sasa, katika nchi hiyo hiyo ya Marekani, ambako bastola ni mali ya raia wengi, kumezuka soko kubwa la vipuri vya kifyatulio vinavyofanyizwa na watu ambao hawakuiunda bastola yenyewe: kamani zilizo nyepesi zaidi, pini, na vile vishikizo vidogo vinavyoizuia nyundo isianguke mpaka kidole kiamuru, vikiwa vimesuguliwa ili kidole kisitaabike. Mnunuzi hufurahia wepesi, na wepesi ni kweli upo siku ya kwanza. Bali kamani iliyolegea huenda ikashindwa kuiwasha fataki siku ya haja, na kishikizo kilicholika ukingo huenda kikaiachia nyundo pasipo amri ya mtu. Kwa hiyo wenye hadhari hukifyatua chombo kikiwa kitupu mara elfu baada ya elfu, kisha hukifungua na kuzitazama kingo zake kwa kioo cha kukuzia, kabla ya kukiamini. Majaribio ya bastola nzima yaliyofanywa na kiwanda hayawafai kitu, kwa sababu kiungo walichokitia hakikuwamo siku ile.

Kwetu Tanzania silaha zimewekwa chini ya leseni, na sheria ya mwaka 2015 ya udhibiti wa silaha na risasi haimwachii mtu kuichezea bunduki apendavyo, na hilo ni jambo la busara. Walakini hapa ndipo nilipo na hoja yangu na wakubwa wa nchi. Tumeweka ulinzi juu ya chombo ambacho wengi wetu hatutakishika maishani, nao ni ulinzi uliostahili. Lakini breki ya bodaboda, ambayo mama mjamzito wa Ruponda huikabidhi roho mbili kila aendapo kliniki, tumeiacha ipimwe na mteremko.

Naandika haya nikiwa na jeraha la nyumbani. Mpwa wangu, kijana mwenye adabu na mwendo wa wastani, alibeba gunia la ufuta kutoka shambani, na katika mteremko mmoja wa njia ya Ruangwa alikanyaga breki ya nyuma akaona mguu unakwenda chini kama uliokanyaga tope. Alikichagua kichaka badala ya korongo, akavunjika mkono, ufuta ukamwagika, na Mungu akatustahi kwa yaliyobaki. Gurudumu lilipofunguliwa, kitambaa cha breki kilikutwa kimebanduka kizima kutoka katika chuma chake, hakijalika hata robo, yaani kilichokufa hakikuwa kitambaa bali gundi. Ilikuwa breki ya wiki tatu. Aliyeiuza, ambaye sitamtaja kwa kuwa naye aliinunua kwa dhana kama mpwa wangu, alisema maneno ambayo kila mtu wa wilaya hizi ameyasikia: "Si nilimwuliza, anataka orijino au ya kawaida? Akasema ya kawaida."

Tutafakari juu ya neno hilo, "ya kawaida". Katika lugha yetu kawaida ni ada, jambo lililozoeleka na kutegemewa. Dukani neno hilo limegeuzwa kuwa jina la kitu kisichotegemewa, na mtu hulitamka bila kuona haya kwa sababu halina sura ya uongo. Zamani, katika masoko ya miji ya Kiislamu, alikuwako muhtasibu, mtu aliyepita akikagua vibaba na mizani na kumkamata mwenye kughushi, na ghushi yenyewe ilikuwa na mipaka inayojulikana: maziwa yametiwa maji, nafaka imechanganywa na mchanga. Ghushi ya leo ni nyerevu zaidi. Haikitii kitu maji; hukipunguzia umri. Muhtasibu angepita na mizani yake asione kosa, kwa kuwa siku ya kuuzwa breki ile ilikuwa na uzito wake, na umbo lake, na rangi yake, kamili.

Nchi yetu, kwa kweli, haikukosa wahtasibu wa kisasa. Shirika la Viwango limekuwapo tangu sheria ya mwaka 1975, na Tume ya Ushindani huwawinda wenye kuuza bidhaa za alama bandia. Shehena nyingi zitokazo ng'ambo hukaguliwa huko huko zitokako, kabla hazijapakiwa melini, kwa utaratibu ulioanza mwaka 2012. Sipuuzi kazi hizo. Nasema tu kwamba kupambana na jina la uongo ni jambo moja na kupima umri ni jambo jingine, kwani kipuri chaweza kuwa na jina la kweli, la mtengenezaji halali mwenye leseni na anwani, na bado kikafa kabla ya mwezi kuandama mara mbili. Katika maboksi niliyoyapindua mkononi, madukani na kwenye misumari ya fundi wetu, nimesoma majina, namba, picha za tai na za simba, na ahadi za ubora wa kupindukia. Sikusoma hata mahali pamoja kwamba kipuri kile kimejaribiwa mara ngapi.

Wako watakaosema kwamba kupimwa huko ng'ambo kunatosha. Hao nawaalika Nachingwea waje wasome historia katika ardhi. Baada ya vita vikuu vya pili, Waingereza walipoishiwa mafuta ya kula, walipanga kufyeka ekari zaidi ya milioni tatu, nyingi zao za Tanganyika, zipandwe karanga, kwa fikra iliyoletwa mwaka 1946 na Frank Samuel wa kampuni ya United Africa, na Kongwa, Urambo na hapa kwetu Nachingwea pakawa ndipo mahali pa kazi. Yalinunuliwa matrekta yaliyosalia katika maghala ya majeshi, mengine kutoka mbali kama Ufilipino. Na kiwanda cha Vickers kikavichukua vifaru vya Sherman, vilivyokuwa vimeshinda vita Ulaya, kikavivua mizinga na kuvifanya matrekta yaliyoitwa Shervick. Nani angethubutu kuuliza kama kifaru ni imara? Kifaru kilikuwa na shahada ya vita nzima.

Msitu haukuisoma shahada hiyo. Kifaru kilijaribiwa kwa mwendo wa vita, si kwa kung'oa mibuyu na visiki siku nzima, mwezi hata mwezi, katika vumbi. Na udongo wa Kongwa, wenye chembe za mawe makali ndani yake na ugumu wa tofali wakati wa kiangazi, ulizila sahani za plau kama tupa ilavyo bati. Kabla ya mwaka 1947 kwisha, sehemu kubwa ya matrekta ya Kongwa ilikuwa imelala, vipuri havipo, na karakana zikiyafungua mazima ili kuyatibu magonjwa. Mwaka 1951 mpango ulivunjwa, na takriban paundi milioni 36 za walipa kodi wa Uingereza zikafutwa vitabuni. Sababu zilikuwa nyingi, za mvua na za hesabu na za ghururi ya watawala, na sitaki kuutwika msiba wote mgongoni mwa vyuma; lakini katika nyingi hizo mojawapo ilikuwa hii, kwamba vyombo vilivyothibitika kwa kazi nyingine viliaminiwa kwa kazi hii pasipo kuulizwa upya. Reli iliyojengwa kwa ajili ya karanga zile iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na leo katika Nachingwea iko kata inayoitwa Stesheni ambayo haina treni.

Vumbi kama lile lipo hapa Nachingwea mpaka sasa, jekundu, laini kama unga wa dona, na ndilo mtihani wa vyuma vyetu. Waya uliovutwa mara laki katika chumba safi chenye ubaridi, ng'ambo, haujavutwa bado hata mara moja katika vumbi la kiangazi cha Mtua.

Na aghalabu hasara yetu kubwa haiko barabarani, iko mikoroshoni. Msomaji asiye wa kusini na ajue kwamba mkorosho unapochipua machipukizi mapya na maua, kuanzia kama mwezi wa sita, huvamiwa na ubwiriunga, ukungu mweupe unaoyafunika maua kama majivu, na ua lililofunikwa halizai. Dawa iliyozoeleka ni salfa ya unga, inayopulizwa alfajiri, upepo ukiwa umetulia na umande ungali juu ya majani, na kurudiwa kila baada ya majuma mawili au karibu na hapo. Mkulima anayo mashine ya kubeba mgongoni, yenye injini ndogo ya petroli iliyochanganywa na oili; na ndani ya injini hiyo umo utando mwembamba wa kabureta usiozidi ukubwa wa sarafu, na nje yake iko kamba ya kuwashia, na kamani inayoirudisha kamba ndani. Utando ukipasuka, au kamani ikikatika, alfajiri ile imepotea. Fundi akikosekana, zimepotea alfajiri nne. Na ukungu haumsubiri mtu aende Masasi kutafuta spea. Kipuri ambacho bei yake haifikii kilo kadhaa za korosho huangusha zao la mwaka mzima, kisha mkulima husimama ghalani na stakabadhi yake mkononi akiulaumu mnada.

Yako mashaka ambayo lazima tuyajibu kwa insafu. La kwanza ni umaskini: yasemwa kwamba kupima kutapandisha bei, na mnyonge anunua ya kawaida kwa kuwa orijino haimudu. Nakubali kwamba mnyonge huhesabu fedha iliyo mfukoni leo. Lakini tuseme, kwa mfano tu, kwamba waya mmoja wauzwa shilingi 4,000 na hudumu miezi miwili, na mwingine wauzwa 10,000 na hudumu mwaka. Wa kwanza utamla mwenyewe shilingi 24,000 kwa mwaka, mbali na ujira wa fundi mara sita na abiria waliokosekana siku sita. Mnyonge hapungukiwi akili ya kuifanya hesabu hii. Kinachokosekana ni tarakimu ya pili, ile ya umri, ambayo muuzaji haijui na mtengenezaji hataki kuisema. Na bila ya tarakimu hiyo kuichagua bei ndogo ni jambo la busara kabisa, kwani kwa nini mtu alipe zaidi kwa ahadi asiyoweza kuipima?

Shaka la pili latoka kwa wafanyabiashara, na lina haki ndani yake: kwamba si kila kipuri cha kando ni kibaya, na kwamba kuvilaani vyote ni kuwapa watengenezaji wakubwa ukiritimba wa kutuuzia kwa bei waitakayo. Ni kweli. Katika ukuta wa fundi wangu iko bushi iliyochongwa hapa hapa kwa mpira wa tairi kuukuu, ambayo ilidumu kupita ile iliyotoka dukani ndani ya boksi lenye picha ya simba. Lakini hoja hii yaunga mkono majaribio, haiyapingi. Asiyejaribiwa akiwa mwema hupata hasara ile ile apatayo mwovu, kwa kuwa wote wawili huitwa "ya kawaida" na kuuzwa kwa bei ya tuhuma. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi kibaya nacho kimejifunza kujiuza, kimevaa boksi la kizuri, na kipimo peke yake ndicho kiwezacho kumvua nguo huyu na kumvika mwenziwe nishani.

Shaka la tatu ni kwamba kupima ni kazi ya maabara kubwa, za fedha nyingi, zisizo za watu wa mkoa wetu wa Lindi. Hapa naomba msomaji anifuate kwa hesabu ndogo. Mota ya umeme, gurudumu lenye kipini pembeni, mkono unaovutwa na kipini hicho, na kihesabio: kitu hiki chaweza kuundwa na wanafunzi wa mwaka wa pili wa ufundi. Kikiuvuta waya wa klachi mara moja kwa kila sekunde, kitauvuta mara 86,400 kwa usiku na mchana. Tukikadiria kwamba dereva huibana klachi mara elfu moja kwa siku, basi mashine hiyo imemaliza kazi ya siku 86, karibu miezi mitatu, tangu adhuhuri hata adhuhuri ya pili. Nyunyizia vumbi la barabara yetu juu yake kila saa, liache jua liupige, na ndani ya juma moja utajua ni waya upi utakaomfikisha kijana mwakani. Breki yahitaji gurudumu linalozungushwa na kuzuiwa na kipimajoto cha chuma. Utando wa kabureta wahitaji kulowekwa katika petroli yetu na kuchezeshwa.

Mahali pa kazi hiyo papo. Ruangwa kuna chuo cha VETA, chenye vijana wenye mikono na walimu wenye maarifa. SIDO iliundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo kama hivi. Na CAMARTEC ya Arusha, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1981, kupima zana za kilimo ni sehemu ya wajibu wake. Wanunuzi wapo pia, na wamejumuika tayari: chama kikuu cha ushirika cha RUNALI kinaziunganisha wilaya za Ruangwa, Nachingwea na Liwale, na mkulima mmoja anayekwenda dukani na noti yake hana sauti, lakini wakulima wa wilaya tatu wakisema kwamba hawatanunua utando wa kabureta usio na hesabu ya umri wake, mwagizaji wa Dar es Salaam atasikia, na aliye nyuma yake ng'ambo atasikia.

Na tusione kwamba sisi ni watu wa kupokea tu. Chini ya ardhi ya Ruangwa kumelala kinywe, madini meusi yenye utelezi ambayo yamewaleta wachimbaji kutoka nje, na miongoni mwa kazi nyingi za kinywe duniani ni kutiwa katika vitambaa vya breki ili visipate moto mno wala kukwaruza. Chembe zitokazo katika udongo wetu huenda zikavuka bahari, zikachanganywa na gundi ya mtu tusiyemjua, zikaturudia ndani ya boksi lenye picha ya simba. Tukiuza mali ghafi bila ya kujua thamani yake, na kuinunua iliyotengenezwa bila ya kujua umri wake, tumepunjwa mara mbili kwa mkono mmoja.

Kwa hiyo nayatamka maombi yangu kwa uwazi. Kwa Shirika la Viwango: kwa aina chache tu za vipuri, zile ambazo kufa kwazo ni kifo cha mtu au cha zao, yaani breki, cheni, nyaya na viungo vya ndani vya mashine za kupulizia, iwe ni lazima boksi liandikwe kwa Kiswahili kipuri kimejaribiwa mara ngapi, na nani, na kwa hali gani, na asiyeandika asiuze. Kwa VETA na SIDO: undeni meza moja ya majaribio, na matokeo yake yabandikwe ubaoni sokoni kama yabandikwavyo matokeo ya mnada wa korosho. Kwa ushirika: nunueni kwa pamoja, kwa dhamana ya maandishi. Kwa wenye maduka, ambao wengi ni watu wa haki: acheni neno "ya kawaida", na mahali pake semeni ukweli, hata kama ukweli huo ni kwamba hamjui.

Nawe msomaji, usingoje sheria. Ununuapo kipuri omba risiti, andika tarehe juu ya boksi, ulihifadhi, na siku kitakapokufa andika ya pili, umpelekee fundi wako. Msimu wa salfa huanza mwezi wa sita; mashine ifunguliwe mwezi wa tano.